Maharage Juu ya Boila

Jumapili, 27 Juni 2021

Daftari hili si langu. Mwalimu wa Akimana amewataka wanafunzi waandike shajara wakati huu wa kukaa ndani, binti yangu akaniambia ni "boring, Mum", na kwamba ataandika yote kwa mkupuo kwenye kompyuta siku ya mwisho. Daftari lina jalada gumu na karatasi nene. Mimi niliyesoma chini ya turubai kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, nikigawana kalamu moja na dada yangu, siwezi kuona karatasi kama hizi zikilala bure. Nimelichukua.

Basi: tangu jana jioni Sydney nzima tumeambiwa tusitoke. Kanisa limefungwa. Treni zinapita hapa kwetu Ingleburn zikiwa tupu. Ila sisi wa kiwandani kesho tunakwenda kazini kama kawaida, maana wazee kwenye nyumba za wazee hawataacha kuchafua mashuka kwa sababu ya korona.

Jumatatu, 28 Juni

Baridi ya kukata masikio, lakini nani anaisikia akiwa karibu na Bibi?

Nieleze, maana daftari halijui kitu. Kiwanda chetu kinafua mashuka ya nyumba za wazee, ya hospitali, na mpaka juzi ya hoteli za mjini. Mimi nasimama kwenye mashine kubwa ya pasi: shuka linaingia limekunjamana, linatoka limenyooka. Mvuke wote unatoka kwenye boila kuukuu inayochoma mafuta mazito, iko bandani nyuma ya kiwanda. Anayeichunga ni Papa Balthazar, mtu wa Uvira, mjane, mpole, mbishi. Yeye ndiye aliyeiita Bibi, na sote tukafuata.

Juu ya Bibi kuna mahali bati limebonyea kidogo. Kila asubuhi mmoja wetu analeta sufuria ya maharage yaliyolala majini, Papa Balthazar anaiketisha pale, na mchana maharage yameiva bila mtu kuyagusa. Tunapokezana zamu ya kuleta, Wakongo, Warundi, hata Mwangi, msimamizi wetu, ambaye ni Mkenya na huweka mahindi bila kuomba ruhusa. Siku hizi kila mtu anapakuliwa kwenye kibakuli chake na kukaa mbali uani, barakoa kidevuni. Hata hivyo sufuria ni moja.

Ubaya wa Bibi ni masizi. Chini ya sufuria yangu ni peusi kiasi kwamba nimeacha kupasugua.

Alhamisi, 1 Julai

Leo tumeitwa uani. Meneja alisema kwa Kiingereza, Mwangi akarudia kwa Kiswahili, wengine wakarudiana kwa Kirundi. Hoteli hazina wageni, kwa hiyo hazina mashuka, na vibarua wa upande huo wameachwa tangu juzi. Kazi iliyobaki haitoshi kulisha kiwanda na kulisha boila. Lori la mafuta linakuja kila wiki na linaondoka na faida yote. Kwa hiyo Bibi anatolewa. Italetwa boila inayochoma punje za mbao, vumbi la viwanda vya mbao lililoshindiliwa. Gharama ikishuka, hakuna mwingine atakayepunguzwa. Isiposhuka, kazi yetu itahamishiwa kiwanda chao cha Melbourne.

Kisha akatambulishwa injinia. Msichana, kofia ya plastiki juu ya rasta zilizofungwa vizuri, jina lake Nicole. Sura ya Bukavu kabisa, sihitaji kuambiwa. Nikamwendea nikamsalimu: "Habari za kazi, mwanangu?"

"Good, thanks, Aunty," akasema, na kuangalia viatu vyake.

Papa Balthazar naye akajaribu, akajibiwa vile vile. Nimechemka. Mtoto wa watu wa Bukavu kutujibu Kiingereza kama karani wa ofisi ya nyumba! Halafu akaingia bandani, akaona sufuria juu ya Bibi, akauliza ni nini. Nikamwambia ni chakula. Akasema "not safe", na kwamba kwenye boila mpya hakutakuwa na mambo hayo.

Simpendi. Nimeandika na nimepiga mstari chini yake.

Jumatano, 7 Julai

Mvua. Mafundi wamemwaga zege la kuwekea boila mpya.

Sisi watu wa kufua kitu cha kwanza tunachoona kwa mtu ni kola. Kola ya Papa Balthazar ni jambo linalojulikana. Anaoga, anajisugua shingo kwa brashi, anavaa shati safi la bluu iliyokolea, na kabla ya mahubiri kuisha jasho limeshatoa mstari mweusi. Masizi yameingia ndani ya ngozi.

Leo ametuonyesha shati jeupe ambalo mwanawe Christian amemtumia kwa posta kutoka Brisbane. Kitambaa kizuri, kizito. Mwangi akamtania kwamba hilo si shati la mtu wa boila, ni la bwana harusi. Papa Balthazar akalikunja polepole kwenye karatasi yake.

"Hii nitaivaa siku nitatoka hapa," akasema. "Kama Bibi anatoka, na miye natoka. Barrière ya Queensland ikifunguka tu, naenda kwa Christian."

Barrière anaita mpaka wa jimbo la Christian, uliofungwa kwa sababu ya korona. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu aliposema aliangalia boila, hakutuangalia sisi.

Nilipofika nchi hii na mtoto mgongoni na baba yake kaburini, ni Papa Balthazar aliyenitafutia kazi hapa. Ndiye aliyenisindikiza kituoni wiki nzima mpaka nikazoea njia. Ndiye aliyemshika Akimana siku ya ubatizo. Bila yeye ule ua ni saruji tu. Sitaki aondoke. Naandika wazi ili nisijidanganye kwamba ninachotetea ni boila.

Jumatatu, 19 Julai

Serikali imesimamisha ujenzi mji mzima. Mafundi wameondoka, Nicole ameondoka. Nilimshukuru Mungu, halafu nikaona aibu, maana Mungu hakuleta ugonjwa ili maharage yangu yaive.

Jumanne, 20 Julai

Zamu ya Mwangi. Mahindi tena.

Jumamosi, 31 Julai

Eneo letu limeingizwa kwenye yale yenye masharti makali. Helikopta ya polisi inapita. Akimana anasoma chumbani, anatoka kula tu, nikimuuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Na yeye pia, nikafikiri. Kwa nini wangu simpigii mstari?

Mchana jirani yangu wa Kisamoa alianika mashuka, upepo ukageuka kutoka upande wa viwanda. Akatoka mbio kuyaanua, yakiwa tayari na madoadoa meusi. Mtoto wake ana pumu na hukohoa upepo ukikaa upande huo. Akaniita ukutani akaniambia, bila hasira, kwamba mimi nafua mashuka ya watu wote isipokuwa yake.  Moshi ule ni wa Bibi, na mimi nakula maharage yake.

Jumatano, 11 Agosti

Mafundi wenye chanjo wamerudi. Nicole amerudi na gunia la punje.

Alitukusanya uani na kutumiminia viganjani. Punje ndogo, ngumu, zinanukia karakana ya seremala. Alieleza kwa Kiingereza cha polepole, Mwangi akajazia. Mbao zikipasuliwa vumbi linabaki, na lilikuwa linatupwa tu au kuoza malundo kwa malundo. Sasa linashindiliwa na kuuzwa kwa bei ambayo mafuta hayaikaribii. Moshi utakuwapo, hakutudanganya, ila kidogo, na chujio litakamata majivu yake kabla hayajafika kwa majirani. Na mti ulioliwa na moto huo unaweza kupandwa tena, mafuta ya chini ya ardhi hayapandwi.

Papa Balthazar alitia punje moja mdomoni, akaitafuna, akaitema. Akauliza nani atachunga kitu hicho.

Nicole akasema yeye, Papa Balthazar, kama atakubali kufundishwa. Kuna kioo, kama cha simu, cha kusoma kila kitu. Akampa simu yake aone picha. Papa Balthazar akaishika mbali, mkono umenyooka kabisa, akaitazama, akairudisha.

"Haina lazima," akasema. "Miye ni wa Bibi."

Ni kiburi, na nampenda kwa kiburi hicho.

Ijumaa, 20 Agosti

Leo Bibi amezimwa. Papa Balthazar alifunga mafuta kwa mkono wake, hakuruhusu fundi. Sauti ilishuka, ikashuka, ikawa kimya ambacho sijawahi kukisikia tangu nianze kazi hapa. Akaweka kiganja juu ya bati mpaka likapoa. Tulikuwa tumesimama mlangoni. Nililia, na wala sioni haya.

Alijaza ndoo moja ya maji ya moto ya mwisho akanawa mikono.

Jumatatu, 23 Agosti

Amri ya kutotoka usiku imeanza leo. Boila mpya imeanza leo. Nyeupe, ndefu, inanguruma kwa chini. Nimeangalia dohani mchana kutwa: mvuke mwembamba, basi. Mvuke wa kwenye mashine yangu ni mzuri, nakiri, haukatiki na hauchafui.

Papa Balthazar amekubali kuichunga "kidogo, mpaka barrière". Nicole anakaa naye kwenye kioo, yeye anaangalia pembeni.

Jumanne, 24 Agosti

Nimeweka sufuria juu ya boila mpya Nicole alipokwenda ofisini. Mchana nimeikuta vuguvugu, maharage magumu kama kokoto. Kumbe imevishwa koti nene lisilotoa joto. Joto lote linakwenda kwenye mashuka, ndiyo maana ni rahisi kuiendesha. Naelewa. Tumekula mkate.

Ijumaa, 27 Agosti

Mkate.

Jumatatu, 30 Agosti

Mkate. Hakuna aliyekaa uani zaidi ya dakika chache, kila mtu kwenye gari lake na simu yake. Papa Balthazar alikula amesimama, mgongo kwetu, karibu na Bibi aliyelala nje akingoja lori la vyuma chakavu. Akasema Christian ameshamtengea chumba.

Nimekagua lile banda. Juu ya mlango wa kuingizia punje kuna bomba la mvuke lisilovishwa koti, bado wanangoja kipande kilichokwama bandarini. Linaunguza. Chini yake kuna vyuma viwili, kama vimewekewa sufuria.

Alhamisi, 2 Septemba

Nimechoka, lakini haya lazima niyaandike leo.

Asubuhi Papa Balthazar alitoka kupokea lori la punje. Niliingia na sufuria yangu, nimeijaza maana nilitaka watu wote wale, nikaiweka juu ya vile vyuma viwili, ikagusana na bomba. Nikaifunika kwa taulo Nicole asiione. Nikarudi kwenye pasi nikijisikia mshindi. Nilikuwa hata naimba.

Karibu na mchana shuka lilitoka kwenye mashine likiwa na unyevu. Na la pili. Nikatazama saa ya kupimia mvuke, mshale umelala kwenye sifuri. Mashine moja baada ya nyingine zikanyamaza, na nje kulikuwa na malori mawili yanayongoja mashuka ya nyumba za wazee, ambako wagonjwa wapya wametajwa wiki hii na kila kitanda kinabadilishwa kutwa mara kadhaa.

Nilijua kabla sijafika. Sufuria ilichemka ikafurika. Maji ya maharage yalichuruzika kwenye mlango wa punje, na mlango ule ulikuwa hauna kifuniko bado. Punje zikinywa maji zinavimba. Zilikuwa zimevimba zikawa uji, uji ukawa ugali, ugali ukabana ile skrubu kubwa inayosukuma punje motoni. Banda zima lilinukia maharage na useremala.

Sufuria haikuwapo. Papa Balthazar alikuwa amefika kabla yangu na ameificha nyuma ya magunia, na alikuwa amesimama mbele ya Mwangi na meneja, mikono imening'inia, akisema kwamba ni yeye. Eti alimwaga maji. Alikuwa anasafisha.

Nilielewa alichokuwa anafanya na nilielewa pia watakachofikiri: kwamba ameiharibu makusudi. Kila mtu alisikia akisema yeye ni wa Bibi. Meneja alikuwa amekwisha kufikiri hivyo, ilionekana. Akamwambia avue kofia ya kazi aende nyumbani, ataitwa. Papa Balthazar akaivua. Hakunitazama.

 Naandika bila kujisitiri: nilisimama pale muda wa kutosha yeye kufika getini. Nilifikiria kodi, nikamfikiria Akimana. Halafu nikaenda nyuma ya magunia nikaitoa sufuria na kuileta mbele ya wote, ikiwa bado inafuka.

"Hii ni yangu," nikamwambia Nicole. Nilisema kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza chote kilikuwa kimenikimbia. "Yeye hakujua. Niliiweka alipokuwa nje. Ulinikataza, na mimi nikaiweka."

Mwangi alishika kichwa. "Mama Akimana, aki umetumaliza."

Nicole alitazama sufuria. Akatazama bomba, mlango wa punje, mahali ambapo kifuniko kilitakiwa kuwa. Sikuweza kuusoma uso wake juu ya barakoa. Kisha akasema, taratibu, na hakusema kwa Kiingereza:

"Mama, leta mwiko. Leta myiko yote."

 Tulileta myiko, vijiko vya sabuni, mabeseni, hata sahani. Boila ilizimwa kabisa, akahakikisha mwenyewe mara mbili, ndipo tukaanza kuchota. Wanawake wa pasi, wanaume wa kupakia, wote. Nicole aliingiza mkono mpaka begani ndani ya ile skrubu, akivuta ugali wa mbao kwa vidole, na jasho likamtoka kama sisi. Katikati ya kazi nikamsikia anahesabu chinichini, "moja, mbili, tatu, vuta", kwa lafudhi ya Bukavu ambayo hakuna shule ya Sydney inayofundisha.

Mvuke ulirudi kabla jua halijaelekea magharibi. Malori yaliondoka yamechelewa lakini yamejaa.

Nilipokuwa nanawa alinijia. Nikamuuliza kwa nini siku zote alitujibu Kiingereza. Akasema, kwa lugha zote mbili zilizochanganyika, kwamba alipokuwa mdogo akina mama kanisani kwao Doonside walikuwa wakimwita aseme Kiswahili ili wacheke, na yeye aliacha kusema. "Nilikuwa naogopa mtanicheka, Aunty."

Mimi ni mmoja wa wanaocheka. Si yeye, lakini nimewacheka wengine, na Akimana pia nimemcheka. Nikamwambia pole.

Ijumaa, 3 Septemba

Nimepewa onyo, na ni haki. Nicole amemweleza meneja yote mawili: sufuria ya mama, na boila kuwashwa mlango wa punje ukiwa hauna kifuniko, ambalo ni kosa la kampuni yake mwenyewe. Hata tone la paa linalovuja lingefanya vile vile, alisema. Kifuniko kimefungwa leo.

Papa Balthazar ameitwa arudi. Amemwambia Mwangi kwenye simu kwamba atafikiri.

Jumapili, 5 Septemba

Siku ya akina baba hapa Australia. Akimana hana wa kumpa kadi na kila mwaka siku hii hujifanya hajui. Leo amechora moja. Boila nyeupe, na juu yake sufuria kubwa kuliko boila. Ndani ameandika kwa Kiswahili, na makosa manne nimeyaona na sikuyagusa: anamwomba Babu Balthazar asiende Brisbane. Tumeitia kwenye sanduku lake la barua tukiwa kwenye matembezi yetu yanayoruhusiwa. Pazia lilicheza.

Jumanne, 14 Septemba

Amerudi. Hakusema kitu kuhusu kadi. Aliniambia tu, "Mama Akimana, weye ni mutu wa hatari," akaingia bandani.

Na leo nimeona nilichopaswa kuona tangu Agosti. Nicole alimwonyesha kioo, Papa Balthazar akarudi nyuma hatua, akanyoosha shingo, akakunja macho, kisha akasema kioo hakina maana. Si kiburi. Hasomi maandishi yale kwa sababu hayaoni. Kwa Bibi alisikiliza kwa masikio na kupapasa kwa mkono, boila hii inataka macho, na yeye alikuwa tayari kuhama jimbo kuliko kusema macho yamechoka. Nilikasirika na nikamhurumia kwa pamoja.

Jumatano, 15 Septemba

Duka la dawa karibu na kituo lina miwani ya kusomea kwenye stendi inayozunguka. Nimenunua moja, fremu nyeusi ya kiume, nikaiacha juu ya kioo cha boila nikaondoka. Nimemnong'oneza Nicole aongeze ukubwa wa herufi.

Alhamisi, 16 Septemba

Ameivaa. Hakuna aliyesema neno, hata Mwangi, na hilo kwa Mwangi ni muujiza.

Jumatano, 22 Septemba

Wanabishana bandani kutwa. Yeye anasema boila inasikika vibaya, Nicole anamwonyesha kioo kinasema ni sawa. Jana sikio lilishinda, leo kioo. Wote wawili wanafurahia. Amemwita "fille yangu", yaani binti yake, mbele ya mafundi.

Majivu yanayotoka ni ndoo ndogo kwa siku, meupe, laini. Papa Balthazar ameomba kidogo, ayachanganye na mbolea ya vitunguu na lengalenga, mchicha wa kwao, kwenye bustani yake. Ya Bibi hata magugu yaliyakimbia.

Jumatatu, 27 Septemba

Nicole ameleta rafu ya chuma. Ameifunga mwenyewe mbali na mlango wa punje, mahali joto la bomba la moshi lilikuwa linapotea bure, na ina kingo pande zote na mfereji wa kupeleka maji yakifurika kwenye sinki. Ameipimia sufuria yangu. Kuna kibandiko chenye sahihi ya mkaguzi.

Zamu yangu. Yameiva mpaka yamepasuka. Nicole alikula vibakuli viwili akasema chumvi imezidi, kwa Kiswahili, na ni kweli ilizidi.

Jumatatu, 4 Oktoba

Sikukuu. Jirani yangu ameanika mashuka tangu asubuhi, upepo ukitoka upande wa viwanda. Jioni ameyaanua bila haraka, akaniletea moja ukutani nilikague kama mtaalamu. Nimelipitia kona kwa kona. Safi. Mtoto wake alikuwa anaruka kamba.

Jumatatu, 11 Oktoba

Tumefunguliwa. Akimana amekwenda kusukwa nywele.

Meneja ametuita uani tena. Ankara ya nishati imeshuka kuliko walivyotarajia, Melbourne haitajwi tena, na hoteli zikianza kuleta mashuka vibarua walioachwa Juni wataitwa kwanza. Watu walipiga makofi. Mimi nilimtazama Papa Balthazar. Alikuwa anasoma kwenye simu, na miwani, habari za mpaka wa Queensland. Wanasema utafunguliwa kabla ya Krismasi.

Jumapili, 17 Oktoba

Kanisa limefunguliwa, viti vimetenganishwa, hakuna kuimba, barakoa usoni. Nilikuwa nimefurahi mpaka nilipomwona anaingia.

Alikuwa amevaa shati jeupe.

 Siku nitatoka hapa, ndivyo alivyosema, na mtu wa maneno machache huyashika. Sikusikia mahubiri. Nilikaa nyuma yake nikiitazama shingo yake, nikipanga nitakachosema, na kila nilichopanga kilikuwa cha kumzuia na hakikuwa cha haki. Ana mwana. Ana chumba kinachomngoja. Mimi ni nani?

Joto lilikuwa kali na madirisha yote wazi. Jasho lilimtoka. Ibada ndefu, ya miezi yote tuliyokosa.

Nje nilimfuata kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwambia nimeliona shati, na kwamba namtakia safari njema.

Alinitazama kupitia miwani niliyomnunulia.

"Safari gani? Christian ndiye atakuja, Noël." Akavuta kola kwa kidole, akageuza shingo upande wangu, kama mteja anayeleta nguo dukani. "Nilifikiri lazima nitoke ndipo niivae. Angalia, Mama Akimana. Weye unajua hii kazi."

Nikaangalia. Niliigeuza kola nje, nikaikagua ndani, kwenye mshono, pale ambapo huwa hapadanganyi. Ilikuwa imelowa jasho na ilikuwa nyeupe.

Nikamwambia ataifua kwa maji ya baridi, asitumie dawa ya kung'arisha. Akasema anajua. Akasema kesho ni zamu yake ya maharage, na ameshayaloweka.